Wasee, Wacheni Kukata Springi za 504

Nimechoka kuona picha za Peugeot 504 zimeinama mbele kama ng'ombe anakunywa maji, halafu watu mia wanaandika "safi sana". Safi wapi? Hapa Kericho? Hii gari ilishinda Safari Rally 1975, ikarudia 1978. Springi zake ndefu zilikuwa zinameza mashimo. Wewe unazipelekea grainda.

Naongea na uchungu kwa sababu mimi pia nilikata. Gari ya babu, mizunguko miwili tu kila upande. Siku ya tatu nikatoka Litein nikapitia barabara ya majani chai. Mvua ilikuwa imenyesha, malori yamechimba njia mbili, katikati kumebaki mgongo. Sampu ikapasuka hapo. Babu hakusema kitu, aliangalia tu oili ikiingia kwa matope. Manze, heri angenichapa.

Na si sampu peke yake. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu, gari ikiruka inaweza kutoka kwa kiti chake, na tairi zinakulwa upande mmoja.

Kama mbele imelala juu ya uzee, nunua springi mbili, badilisha zote. Tumia kile chuma cha kukandamiza springi (si kamba, tafadhali). Sukuma gari mbele na nyuma ikae, ndio upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Kushoto na kulia zilingane. Halafu alaimenti.

Kuna mmoja ameniandikia eti ikiwa chini inakaa poa. Sawa. Kuja nayo Bomet mwezi wa nne, nitakuja na kamba ya kukuvuta.