Uvivu Hauuzi Bidhaa

Wafanyabiashara wengi wa Jinja na Mbale siku hizi wana maduka mawili. La kwanza lina mlango na kufuli. La pili limo ndani ya simu, nalo halidai kodi ya pango wala mlinzi wa usiku. Kwa sababu hiyo wengine wameshika imani kwamba duka hili la pili hujiuzia lenyewe. Mtu hupiga picha moja ya mali yake, au huchukua picha ya mwenzake, akaitandaza katika mtandao wa intaneti, kisha akajilaza kungojea wateja.

Mimi binafsi nilipata kumwuliza muuzaji mmoja wa Mbale bei ya kilo moja ya kahawa ya Mlima Elgon, arabika ambayo sifa yake imevuka bahari. Jibu lilikuja siku ya nne, nalo lilikuwa swali: "Nikusaidie nini?" Wakati huo nilikuwa nikinywa kahawa ya mtu mwingine, aliyeandika bei, uzito na nauli ya basi.

Wenyewe hujitetea. Husema kwamba kuanzia Julai 2018 walitozwa shilingi 200 kila siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, na kwamba tozo hiyo ilipoondolewa mwaka 2021, ulifuata ushuru wa asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Husema pia kwamba Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, wateja waliokusanywa kwa miaka wakawa hawafikiki, ingawa wenye bidii walitafuta upenyo. Hayo ni kweli, na hasara yake haikuwa ndogo. Lakini ni ushuru gani unaomzuia mtu kuandika bei chini ya picha?

Ugonjwa huu si mgeni katika miji yetu. Wazee wanakumbuka mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa na maduka yao yakagawiwa watu. Wengi wa wale walioitwa mafuta mingi waliuza kila walichokikuta rafuni, wakala fedha, wasiagize vingine. Fedha za kigeni zilikuwa haba, hilo halikanushiki. Lakini walikuwapo ambao hata daftari la hesabu hawakulifungua. Ndipo ukaja wakati wa magendo. Sukari iliadimika hata Jinja, jirani na kiwanda cha Kakira, na muuzaji hakuona haja ya kumjibu mteja kwa adabu, maana mteja hakuwa na pengine pa kwenda. Nadhani ukimya ule tumeurithi, na sasa tumeuhamishia katika simu. Tofauti ni kwamba mteja wa leo anapo pa kwenda: kwa kidole kimoja amekwisha fika Kampala, na mzigo wake unapakiwa kabla mwenye duka wa Jinja hajaamka.

Yule muuzaji wangu wa kahawa ameniandikia tena juma lililopita. Ameleta picha ile ile, bila bei.