Mbwa Mwenye Kofia ya Krismasi na Dada Aliyeshika Simu

Kila Desemba inapoingia simu yangu hujaa picha za aina moja. Baba, mama na watoto wamevaa kitenge cha sare, wamesimama mbele ya mti wa Krismasi uliozungushiwa taa, na miguuni pao ameketishwa mbwa aliyevikwa kofia nyekundu yenye ukingo mweupe. Pasaka mbwa huyohuyo hupewa masikio ya sungura ya karatasi. Mtoto akihitimu chekechea, mbwa hufungwa tai ya kipepeo. Msimu uliopita nililetewa hata picha ya mbwa aliyeshonewa shati la kitenge kilekile cha familia, lina vifungo na mfuko. Wanaonitumia si watu wa mbali. Ni wahadhiri wenzangu, mawakili, maofisa wa benki, na baadhi yao niliwafundisha mwenyewe. Wanangoja niandike "mmependeza". Sijaandika, na nina deni la kuwaeleza kwa nini.

Niseme mapema kwamba hoja yangu si ile ya kuiga Wazungu. Hoja hiyo ni nyepesi na imechoka. Mti wa Krismasi wenyewe, suti ninayovaa darasani, joho ninalojitanda siku ya mahafali, vyote vilitujia kwa njia hiyohiyo na hakuna anayevikana. Tena desturi ya kuingiza kitu pichani ili kiseme jambo juu yetu ni yetu ya siku nyingi. Zitazame picha za studio za wazee wetu: pazia lililochorwa minazi, mzee amekunja mkono ili saa ionekane, redio imekaa juu ya kimeza, na aghalabu saa na redio vyote ni mali ya mpiga picha. Mbwa wa leo amekalia nafasi ya ile redio. Tofauti ni kwamba redio haikuhisi joto, haikuogopa, na haikuweza kumng'ata mtu.

Tuanze na joto. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hutoka jasho kidogo nyayoni, na kazi kubwa ya kujipooza huifanya kwa kuhema, mdomo wazi na ulimi nje. Mwili wake ukiwa mzima huwa na nyuzijoto kati ya 38 na 39, juu ya zetu. Sasa mtu anamvalisha mnyama huyo, mwenye manyoya yake aliyozaliwa nayo, shati la kitenge lenye bitana, mchana wa Desemba, Morogoro, kisha anamtazama akihema na kuandika chini ya picha: "Bobi anacheka." Bobi hacheki. Bobi anatweta. Rudini kwenye picha zenu mzitazame upya: masikio yamelazwa nyuma, weupe wa jicho umetokeza pembeni, kichwa kimegeuzwa kuikwepa simu, ulimi unalamba pua ambayo haina kitu. Waliosomea tabia za wanyama huzisoma dalili hizo kama hofu na usumbufu. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikuandikwa kwa ajili ya punda wa mkokoteni peke yake.

Sisemi kwamba mnyama asivae kamwe. Kwenye theluji, mbwa mwembamba mwenye manyoya mafupi akivalishwa koti, amefanyiwa hisani. Na hapa hapa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha panya buku tangu mwaka 2000. Panya hao huvaa mkanda mdogo kifuani, wakaunganishwa na kamba, wakanusa ardhi kutafuta mabomu yaliyotegwa. Mmoja wao, Magawa, alifundishwa huku kwetu akapelekwa Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Picha ya Magawa na nishani yake ilizunguka dunia nzima. Lakini lililonigusa si nishani. Ni kwamba walezi wa panya hao huwapaka masikioni na mkiani mafuta ya kukinga jua. Mtu aliketi akajiuliza: kiumbe huyu, kwa mwili wake huu, anahitaji nini? Katika picha za Krismasi swali hilo halijaulizwa.

Halafu kuna kibao. Nyumba nyingi zinazotoa picha hizi zina geti la chuma, na getini pameandikwa "MBWA MKALI". Yule aliyevaa kofia sebuleni ndiye mkali wa kibaoni. Siku mia tatu na zaidi za mwaka hulala kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba, hula ugali na dagaa zilizobaki, na hufunguliwa usiku ili awatishe wapita njia. Siku ya picha anaoshwa, anaingizwa ndani kwenye vigae ambavyo hajawahi kuvikanyaga, anaitwa "mwanafamilia". Uanafamilia wake hudumu dakika kumi. Mimi ni Mluguru, na kwetu ukoo hufuatwa kwa mama. Mjomba ndiye mwenye neno. Nimeona picha ya "familia nzima" ambamo mbwa yupo mbele kabisa, na mjomba aliyeteremka kutoka Mgeta na gunia la njegere mgongoni hayumo, kwa sababu kitenge cha sare hakikumtosha.

Na nani aliyepiga picha? Swali hili ndilo lililonifanya niandike. Mikono ya baba imo pichani, ya mama imo, ya watoto imo. Simu imeshikwa na dada wa kazi. Yeye ndiye aliyemwogesha mbwa asubuhi, akamshika kidevu akamfunga kofia huku mnyama anakunja midomo, akarudi nyuma hatua nne akahesabu moja, mbili, tatu. Mbwa akichoka na mpira wa kofia unaombana kooni, mkono wa kwanza atakaoukuta ni wa binti huyu. Kwao ni kijijini, pengine huku huku milimani, na ana miaka kumi na minane au chini ya hapo. Niliwauliza watu wanne walionitumia picha: mbwa huyu alichanjwa lini? Mmoja alijua tarehe. Wawili walisema "nadhani mwaka juzi". Wa nne aliniuliza: "Chanjo ya nini, Daktari? Si yuko ndani ya uzio?"

Chanjo ya kichaa cha mbwa, ndugu yangu. Kirusi chake huingia kwa mate kwenye jeraha, hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na dalili zikishaonekana kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitaja makadirio ya vifo 59,000 kwa mwaka duniani, hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu yakitokana na mbwa, na takriban wanne katika kila kumi wanaokufa wakiwa watoto walio chini ya miaka 15. Watafiti waliofanya kazi hapa Tanzania walichapisha mwaka 2002 makadirio ya vifo karibu 1,500 kwa mwaka katika nchi yetu. Tangu Louis Pasteur alipomchanja kijana Joseph Meister mwaka 1885, vifo hivi si fumbo la tiba. Kinachokosekana ni utaratibu na fedha, na fedha zenyewe si nyingi.

Watetezi wa kofia hupenda kunitajia Marekani, kwamba huko jambo hili ni la kawaida. Ni kweli. Shirikisho la wauzaji wa rejareja la huko lilikadiria kwamba mwaka 2023 Wamarekani wangetumia takriban dola milioni 700 kwa mavazi ya wanyama wao, kwa sikukuu ya Halloween peke yake. Lakini Marekani ilitangaza mwaka 2007 kwamba imeondoa aina ya kichaa inayoenezwa kutoka mbwa hadi mbwa, baada ya miongo ya chanjo za lazima na leseni za mbwa. Mtoto wa huko anayemkumbatia mbwa mwenye kofia anamkumbatia mbwa aliyechomwa sindano. Sisi tumeazima kofia, sindano tumeiacha dukani.

Naijua Mlali, kata ya nyumbani, pale barabara inapoacha tambarare na kuanza kuitafuta Mgeta. Mbwa wa kule ana kazi. Analinda nyanya na mahindi dhidi ya ngedere na nguruwe pori, analala nje, anafuatana na watoto mtoni na shambani. Vazi lake pekee ni jina, na majina yenyewe ni mafumbo kama ya kanga: mtu humwita mbwa wake Mtachoka au Hawapendi, akamwita kwa sauti kubwa jioni ili jirani asikie. (Kwa hiyo hata sisi tumemtumia mbwa kusema ya kwetu, angalau jina halimbani koo.) Mbwa huyo hana uzio. Akimng'ata mtoto, la kwanza ni kuliosha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, jambo ambalo kila mzazi angepaswa kulijua kama anavyojua namba yake ya simu. Badala yake wengi hupaka dawa za kienyeji wakasubiri. La pili ni chanjo ya mtu, dozi zaidi ya moja, kwa tarehe zilizopangwa. Zahanati za vijijini mara nyingi hazina. Mzazi auze nyanya kabla hazijaiva vizuri, apande gari hadi mjini, arudi tena, na tena. Wapo wanaoishia dozi ya kwanza kwa kukosa nauli.

Mwenye uzio ataniambia kwamba hayo ni ya Mlali, yeye yuko mjini na mbwa wake ana kadi. Hongera yake, na mbwa wake asibanwe koo. Lakini ugonjwa huu hauzuiwi kwa nyumba moja moja. Wataalamu hulenga kuchanja asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, kwa kuwa hapo ndipo kirusi hukosa mbwa wa kumrukia. Pemba walilijaribu hilo: kampeni za kuchanja mbwa zilikata maambukizi kisiwani, ugonjwa ukarudi, wakachanja tena ukakatika tena. Kisiwa maskini kuliko mitaa inayonitumia picha kiliweza.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya kofia za watu binafsi, kwa maana ina zake. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Niliwahi kuhudhuria maadhimisho katika wilaya ambayo sitaitaja. Palikuwa na bango, fulana na kofia zenye maandishi, mgeni rasmi, na mpiga picha. Watoto walikuja na mbwa wao wakiwavuta kwa kamba za katani na vipande vya kanga, mmoja amembeba mtoto wa mbwa ndani ya kikapu. Dozi ziliisha kabla ya adhuhuri. Fulana zilibaki. Watoto waliokuwa nyuma kwenye foleni walirudi makwao na mbwa wao vilevile walivyokuja, na sijui ni nani aliyewaambia warudi lini.

Kisingizio cha siku zote ni friji: kijiji hakina umeme wa uhakika, chanjo itaharibika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, sehemu yake ikifanyika hapa Tanzania, ulionyesha kwamba chanjo moja inayotumika sana kwa mbwa huhimili nyuzijoto 25 kwa miezi sita, na nyuzijoto 30 kwa miezi mitatu, bila kupoteza nguvu. Kwa hiyo friji si hoja tena, na mwenye kuitoa aulizwe alisoma lini.

Pendekezo langu ni dogo. Desemba shule zimefungwa, na watoto, ambao ndio huwashika mbwa vijijini, wako nyumbani. Desemba hiyohiyo magari kutoka Dar es Salaam na Dodoma hupanda barabara ya Mlali yamejaa watu wa mjini wanaokuja kula sikukuu na wazazi. Watu kumi wenye magari, kila mmoja akitoa fedha ya shati la mbwa, kofia na mpiga picha, wanaweza kununua dozi kwa mbwa wengi wa vitongoji vyao na kumlipa posho daktari wa mifugo kwa siku mbili. Mtendaji wa kijiji atangaze wiki moja kabla, misikitini na makanisani. Na kila nyumba ya mjini imtoe likizo dada wa kazi siku hiyo, akamshike mbwa wa kwao.

Nimekwisha kuwaandikia watatu kati ya wale wanne. Wawili wamekubali kuchangia. Wa tatu, yule wa uzio, ameniuliza kama mbwa wa mjomba wake huko Mgeta naye ahesabiwe. Nimemjibu tuanze na huyo.