Ishara Hufundishwa Kabla ya Kupigwa

Wako walimu wanagenzi wanaoamini kwamba, pasipo mashine darasani, elimu ya kompyuta haiwezi kuanza. Sisi hatuikubali rai hiyo. Shule isiyo na kompyuta hata moja yaweza kuwafundisha watoto jinsi programu zinavyopelekeana ishara, tena vema kuliko shule yenye mashine kumi na mwalimu wa kukaririsha. Tutatoa mifano ya Bangwe, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kwa kuwa mtoto huanzia kwenye lile alijualo.

Kwanza, mwalimu mwenyewe hana budi kuielewa mada. Programu iliyo kazini huitwa mchakato. Michakato mingi huendelea pamoja, na kwa kawaida hakuna unaoruhusiwa kuingilia kumbukumbu ya mwingine. Mmoja ukitaka kuushtua mwingine, hukiomba kiini cha mfumo endeshi kipeleke ishara, nacho huangalia kwanza kama mwombaji anayo ruhusa. Utaratibu huu tumeurithi kutoka Unix, mfumo ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie mwaka 1969 huko Marekani. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, nayo inaufuata. Na kiini cha Linux ndicho kilichomo katika simu za Android. Basi jambo hili hutendeka kila siku mifukoni mwa wazazi wa wanafunzi wetu.

Ishara haina maneno. Ni namba tu. Namba 15 huutaka mchakato umalize kazi na kuondoka. Mchakato waweza kuwa umejiandalia la kutenda, kama vile kuhifadhi faili kwanza. Waweza pia kuipuuza. Usipojiandaa, mfumo hutenda lile lililowekwa tangu awali, ambalo aghalabu ni kuukomesha. Lakini ziko ishara mbili zisizopuuzwa wala kuandaliwa jibu: ile ya kuua, namba 9, na ile ya kusimamisha.

Mwalimu atavutwa kutumia mfano wa kengele ya shule. Ni mfano mwema kwa sababu moja: kengele haisemi neno, na mtoto mgeni asiyefundishwa maana yake hataelewa ikilia mara ngapi. Lakini kengele husikiwa na wote, hali ishara kwa kawaida hulengwa kwa mchakato mmoja au kundi maalumu. Kwa hiyo mwalimu aanze na kengele, kisha ahamie kwenye kumgusa mtu bega.

Kwa ishara ya kusimamisha, watoto wa Bangwe wanao mfano wa karibu zaidi. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, uvuvi ulifungwa katika Ziwa Tanganyika. Mitumbwi na nyavu hazikuharibiwa. Kazi ilisimama, kisha ikaruhusiwa kuendelea. Ndivyo mchakato uliosimamishwa unavyobaki na kumbukumbu yake hadi ishara ya kuendelea ifike. Mfano huu nao una kikomo: mkaidi aweza kuvunja amri ya Serikali, bali ishara hii haivunjwi.

Tunapendekeza somo liendeshwe hivi. Wanafunzi wawe michakato, na kiranja awe kiini. Kila mmoja aandike mapema atakalotenda apatapo namba fulani, kisha aanze kunakili habari ubaoni. Atakaye kumpa mwenzake ishara amkabidhi kiranja kadi yenye namba, bila kusema. Aliyepewa 15 amalize sentensi, atie nukta, aweke kalamu chini. Kwa namba 9, kiranja asimpe mwandishi kadi yoyote. Achukue daftari papo hapo, hata katikati ya neno. Darasa litaliona lile neno nusu, na litajua kwa nini namba 15 hutangulia, na 9 huwa ya mwisho.

Halafu mwanafunzi mmoja aombe asishtuliwe kwa muda. Wenzake watatu wampelekee namba 10, ambayo katika Linux ya kompyuta nyingi mtunga programu huipa maana aitakayo. Kiranja aweke alama moja tu, si tatu. Zuio likiondoka, mwanafunzi aguswe mara moja. Hapo mwalimu aulize: je, ishara za namna hii zafaa kuhesabia magunia ya dagaa? Watoto wenyewe watasema hazifai, maana hesabu huhitaji ujumbe, si mguso wa bega.

Swali hilo moja lina thamani kuliko orodha nzima ya namba iliyokaririwa. Mtoto aliyekariri ataiona kompyuta kama kitu cha uchawi siku atakapoifikia. Aliyecheza mchezo huu ataikuta ikitenda kazi anazozifahamu. Walimu wenzetu, mashine zitafika shuleni kwa nyakati mbalimbali, na nyingine zitachelewa mno. Watoto walio mbele yetu sasa watakuwa wamekwisha maliza shule. Haifai tuwacheleweshe nao.