Kijana Akitaka Kusoma Filamu

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yanapotangazwa, wazazi na watoto hukaa pamoja kuchagua masomo ya chuo kikuu. Katika nyumba nyingi za Mpanda kikao hicho huwa kifupi, kwani majibu yanajulikana tangu zamani: ualimu, udaktari, uhasibu, sheria, au kilimo, ambacho Chuo Kikuu cha Sokoine kimekisogeza karibu kwa kufungua kampasi yake humu humu mkoani Katavi. Lakini siku hizi hutokea kijana, mwenye alama nzuri na tabia njema, akasema kuwa anataka kusoma filamu. Hapo kikao hurefuka, au huvunjika kabisa. Baba husema hakuuza ng'ombe ili mwanawe akawe mwigizaji. Mama hunyamaza, na kunyamaza kwake si kukubali.

Tumeulizwa na zaidi ya mzazi mmoja kama yafaa kijana wa Kiislamu aruhusiwe kwenda kusoma jambo hilo. Rai yetu ni kwamba aruhusiwe, tena asaidiwe. Twajua kuwa wako ndugu watakaochukizwa na jibu hili, kwa hiyo twaomba watusikilize mpaka mwisho kabla ya kutuhukumu.

Pingamizi linalosikika kwanza ni la dini, nalo twaliheshimu. Wako wanazuoni wanaokataza picha za viumbe wenye roho kwa kutegemea Hadithi zinazojulikana, wala hatusemi kuwa wamezibuni. Lakini mapema katika karne ya 20 Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyepata kuwa Mufti wa Misri, aliandika risala akieleza kwamba picha ya kamera si mtu kushindana na Muumba katika kuumba, bali ni kivuli kilichozuiwa kisipotee. Hoja hiyo imekubaliwa na wengi, na hata wasioikubali kwa ulimi huikubali kwa vitendo, maana picha zao zimo katika pasipoti waliyoendea Hija, katika kitambulisho cha taifa na katika simu zao. Mtu anayetazama mawaidha kwenye televisheni jioni, kisha asubuhi akamwambia mwanawe kuwa kamera ni haramu, hana budi kwanza aipatanishe jioni yake na asubuhi yake. Kinachobaki kuulizwa ni kile kinachopigwa picha, na kusudi la kukipiga.

Na mfano tunao. Wengi wetu tumeitazama filamu ya Ar-Risala, lakini ni wachache wanaomjua aliyeitengeneza. Moustapha Akkad alizaliwa Aleppo, nchini Syria, mwaka 1930, akaenda Marekani kusoma filamu katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Filamu yake, iliyotoka mwaka 1976, ilipigwa mara mbili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, kila lugha na waigizaji wake wakuu. Ndani yake Mtume (s.a.w.) haonekani wala hasikiki. Kamera ndiyo inayosimama mahali pake; wanaozungumza naye huitazama kamera, na jibu lake tunalijua kwa yale wanayoyatenda baada ya kulisikia. Tazameni basi: tatizo gumu la adabu lilitatuliwa kwa ujuzi wa kujua kamera ikae wapi, na ujuzi huo hauokotwi njiani. Machi 1977 watu wenye silaha waliteka majengo matatu mjini Washington, na moja ya madai yao lilikuwa filamu hiyo isionyeshwe, kwa kudhani kuwa inamvunjia Mtume heshima. Akkad mwenyewe alifariki kwa majeraha ya mabomu yaliyolipuliwa katika mahoteli ya Amman Novemba 2005, na binti yake aliuawa katika shambulio hilo hilo. Ni haki pia tuseme kwamba bwana huyu alijipatia riziki kwa kutayarisha filamu za kutisha za Halloween, ambazo hatumshauri mtu yeyote azitazame. Hatumfanyi walii. Twasema tu kwamba alisoma, na kusoma kwake kuliufaa Uislamu.

Pingamizi la pili husemwa kwa wepesi, lakini ni gumu kuliko la kwanza. Mzazi huuliza: kama ni kamera, si aende kwa fundi anayepiga video za harusi hapo mjini, ajifunze miezi sita, aanze kula jasho lake? Hiyo miaka mitatu ya chuo kikuu ni ya nini? Na hiyo iitwayo nadharia ya filamu ni mdudu gani?

Swali ni la haki, nasi tutalijibu kwa mapana, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha mambo.

Chuo cha kwanza cha filamu duniani kilifunguliwa Moscow mwaka 1919. Mwalimu wake mmoja, Lev Kuleshov, alichukua picha ya uso wa mwigizaji, uso usioonyesha furaha wala huzuni, akaiunganisha na bakuli la supu, halafu na maiti ndani ya jeneza, halafu na mwanamke. Husimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, msiba na tamaa. Uso ulikuwa ule ule! Maana haikutoka usoni, ilitoka katika mahali picha mbili zinapokutana. Basi na tujiulize, ni mara ngapi tumetazama taarifa ya habari ambamo picha ya msikiti inafuatwa na picha ya bunduki, bila msomaji wa habari kutamka neno lolote baya juu yetu? Tumekasirika, tumelaani, tukazima televisheni. Lakini ni nani miongoni mwetu awezaye kuandika kwa utulivu na kuonyesha pale ambapo uongo umefanyika, ilhali kila picha peke yake ni ya kweli? Fundi wa harusi hawezi, wala si kosa lake, maana hakufundishwa.

Kisha iko historia yetu wenyewe. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa filamu Vugiri, katika milima ya Usambara, uliogharimiwa kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani na kuungwa mkono na baraza la wamisionari. Ulitengeneza filamu zipatazo 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba, zikazungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Baada yake Waingereza wakaanzisha kitengo cha filamu cha makoloni mwaka 1939, na kiongozi wake, William Sellers, aliyekuwa bwana afya nchini Nigeria, akaandika mwaka 1941 kwamba Mwafrika wa kijijini asionyeshwe filamu yenye mikato ya haraka wala ufundi wowote, kwa kuwa akili yake haitaifuata. Hiyo nayo ilikuwa nadharia ya filamu, na ilikuwa juu yetu.

Kikatungiwa hata kisa. Wanakijiji walionyeshwa filamu ya kuondoa maji yaliyotuama, na walipoulizwa wameona nini wakajibu kuwa wameona kuku. Wenyewe wenye filamu hawakujua kuwa mna kuku. Wakairudia picha kwa picha, wakamkuta kweli, amekatiza pembeni kwa muda mfupi mno. Kisa hiki kilisimuliwa vyuoni Uingereza na Kanada katika miaka ya 1960 kama ushahidi kwamba watu wasiosoma hawawezi kutazama filamu. Nasi twauliza, nani hapo hakuona? Wanakijiji walimwona kuku aliyekuwamo. Wataalamu, waliomtia wao wenyewe, hawakumwona. Na mtu yeyote aliyepita kwenye mabanda ya video ya miji yetu, akawaona watoto wakifuata filamu ya Kihindi au ya Kichina isiyo na neno hata moja wanalolijua, wakicheka penye kichekesho na kunyamaza penye hatari, atajua nadharia ya bwana Sellers ilikuwa na thamani gani. Lakini ilitawala kwa miaka, kwa sababu waliokuwa na elimu ya kuijibu hawakuwa watu wetu.

Na wale wanaohofia kuwa darasa la nadharia litamharibu binti yao, wasikie hili. Mwaka 1975 Mwingereza mmoja, Laura Mulvey, alichapisha makala ambayo hadi leo husomwa na wanafunzi wa filamu duniani kote. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba katika sinema kubwa za Marekani kamera imefanywa kuwa jicho la mwanamume, na mwanamke amewekwa pale ili atazamwe. Mama huyu hakutoka msikitini, na yako mengi katika fikra zake tusiyoafikiana nayo. Lakini sisi ambao tangu utotoni tunafundishwa kuinamisha macho twawezaje kusema kwamba somo hilo halituhusu? Khutba zetu huishia kusema kuwa filamu zimeharibika. Yeye alieleza zimeharibikaje, hatua kwa hatua.

Sasa turudi Katavi. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na watu wengi nje ya Tanzania wanaoujua wanaujua kwa picha. Wameona viboko mamia wakibanana katika tope la Mto Katuma wakati wa kiangazi, ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1974. Wameona simba na nyati. Wakionyeshwa mtu, mara nyingi ni kwa ajili ya mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, unaosemwa kuwa makazi ya mzimu wa Katabi, kana kwamba Wapimbwe, Wakonongo, Wabende na Wasukuma wote wa mkoa huu hawana msikiti wala kanisa, wana mti tu. Hatuna ugomvi na viboko. Lakini mkoa mzima hauwezi kuwa viboko na mzimu.

Liko jambo zito zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Kwa taifa zima kilikuwa asilimia 27. Ni aibu yetu sote, waumini na wasio waumini. Tatizo kama hilo huleta kamera. Msichana wa miaka 16 huketishwa mbele yake na mtoto mapajani, uso wazi, akaambiwa aeleze yaliyomkuta, na filamu ikaenda kuonyeshwa kwa wafadhili. Aliyempa msichana mimba haonekani. Je, kamera ingekaa wapi ili ukweli usemwe na sitara ya binti ibaki? Angeonyeshwa mikono yake tu? Angesikika sauti bila uso? Au kamera ingemgeukia baba aliyepokea mahari na jirani aliyenyamaza? Haya ni maswali ya ufundi, ni maswali ya nadharia, na ni maswali ya dini kwa wakati mmoja. Twataka anayeyajibu awe mtu ambaye binti huyo anaweza kumwita dada.

Kuhusu fedha hatutawadanganya wazazi. Ajira ya filamu si ya uhakika. Bodi ya Mikopo hutanguliza fani kama afya, ualimu wa sayansi na uhandisi, kwa hiyo anayesoma sanaa ajiandae kupata kidogo au kukosa. Vituo vya televisheni hununua tamthilia, asasi huhitaji filamu za mafunzo, lakini mshahara wa kila mwezi hakuna anayeuahidi. Mzazi asiye na uwezo wa kubeba hali hiyo halaumiwi akimshauri mwanawe asome ualimu kwanza.

Mahali pa kusoma papo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha filamu katika Idara ya Sanaa Bunifu, na Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kina masomo ya sanaa za maonyesho na filamu. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, si chuo kikuu, lakini yawafaa wanaotaka zaidi kazi ya mikono. Kabla ya kujaza fomu, mzazi aulize mambo mawili: wanafunzi hupata kamera na vyumba vya uhariri kwa saa ngapi, na huandika nini kwa muda wa miaka mitatu. Chuo kisicho na jibu la la kwanza kitampa mwanawe maneno matupu, na kisicho na jibu la la pili kitamrudisha akiwa fundi wa harusi mwenye shahada.

Na jumuiya yetu nayo, inayochangia kila mwaka wanafunzi wa udaktari na sheria, yafaa imchangie angalau mmoja wa filamu, kijana wa kiume au wa kike, kwa sharti kwamba akimaliza apande basi au treni ya Kaliua arudi Mpanda na kutumikia mwaka mmoja. Kazi ya kwanza ya kumpa tunaijua. Iko Katumba na Mishamo, kwa wazee waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, wakafyeka msitu, wakalima, na wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania baada ya karibu miaka 40. Wamehojiwa mara nyingi kama wakimbizi. Wachache wamehojiwa kama wazee wa Katavi, kwa lugha yao, nyumbani kwao, bila mtu kuwaharakisha. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 alipovuka mpaka sasa amepita 70.