UPS pekee haiokoi hesabu za duka

Wafanyabiashara wengi wamekwisha kununua UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, wakadhani kazi imekwisha. Kwa maoni yetu, hapo ndipo hasara inapoanzia.

Agosti 25, 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na sehemu nyingi zilikaa gizani kwa saa kadhaa. UPS ya kawaida ya ofisi hudumu dakika chache tu. Betri ikiisha wakati seva bado inaandika mauzo, kumbukumbu za mali, madeni na malipo zaweza kuharibika. Kesho yake wateja wamejaa mlangoni na hakuna ajuaye nani anadaiwa nini.

Tuchukue mfano wa duka la jumla la Kariakoo. Betri inadumu dakika 12, na seva inahitaji dakika 4 kufunga hesabu na kuzimika. Amri ya kuzima haina budi kutolewa zikiwa zimebaki dakika 6 au 7. Zikibaki 2, mwenye duka amechelewa. Amri hiyo haiji yenyewe. UPS huunganishwa na seva kwa waya wa mawasiliano, kisha hupangwa programu ya kuisikiliza, kama NUT au apcupsd, ambazo hazilipiwi. Mara nyingi waya huo umebaki ndani ya boksi.

Wenye seva mbili kwenye UPS moja wakumbuke kwamba ya pili hupata taarifa kupitia mtandao. Kwa hiyo swichi ya mtandao nayo iwe kwenye betri.

Joto pia ni adui. Betri za risasi hudumu miaka 3 hadi 5, na kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri huo kwa takriban nusu. Dakika 12 za mwaka juzi huenda leo ni 5.

Dawa ni kujaribu. Jioni, baada ya kufunga na kuhifadhi nakala ya hesabu, chomoa UPS ukutani, shika saa, uone kama seva itazimika yenyewe kabla ya betri kuisha.

Na wewe unayetaka kuweka fedha zako katika kampuni ndogo, uliza mara ya mwisho walichomoa lini. Asiyeweza kutaja tarehe, mtaji wako usiharakishe kumpa.