Leseni za baa zilipie vitabu

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya limezipa kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe. Katika aya hiyo hiyo, mistari michache chini, limezipa kaunti maktaba, makavazi, michezo, utamaduni na bustani za kupumzikia. Zimewekwa pamoja, na inaeleweka: zote zinahusu saa ambazo mtu wa mjini anabaki nazo baada ya kazi na shule. Tangu serikali za kaunti zianze kazi Machi 2013, Nairobi imeshughulikia leseni za pombe kwa bidii kubwa. Maktaba imeziachia wafadhili na wahisani.

Pita Mumias South Road, Buruburu, jioni ya Ijumaa ujionee. Ikifika saa kumi na mbili spika zimeshatolewa mlangoni, makaa ya nyama choma yamekolea, muuza mutura anapangusa ubao wake na anayeuza smokie amekata kachumbari ya kutosha hadi usiku wa manane. Matatu za 58 zinashusha watu kutoka mjini, na wengi hawafiki nyumbani moja kwa moja. Saa mbili usiku kila baa inajitahidi kuishinda jirani yake kwa sauti. Ghorofani, hatua chache kutoka hapo, mtoto wa Gredi ya 9 anafanya kazi yake ya shule madirisha yakiwa yamefungwa kabisa, joto limejaa chumbani.

Mwishoni mwa 2022 Gavana Johnson Sakaja alitangaza kufutwa kwa leseni za vilabu vya usiku katika maeneo ya makazi. Wakazi wa Buruburu walishangilia. Leo bado wanalala na muziki huo huo. Amri ya gavana haiwezi kufanya kazi ya mpango, na mpango wa kumpa kijana mahali pengine pa kwenda usiku haujawahi kuandikwa.

Hatusemi baa zifungwe. Zimeajiri watu, zinalipa kodi, na mtu mzima ana haki ya kunywa bia yake kwa amani. Tunachotaka ni sehemu ya pesa zinazolipwa kwa leseni hizo irudi mtaani kama vitabu, viti, taa na mlango ulio wazi jioni. Asilimia 5 ya ada za leseni za vileo na asilimia 5 ya kodi ya ardhi inayokusanywa Nairobi iwekwe kando kwa ajili ya maktaba na kumbi za jamii, iandikwe katika sheria ya kaunti, isiguswe kwa kazi nyingine.

Hesabu hiyo hatukuiota. Jimbo la Kerala, kusini mwa India, hutoza nyongeza ya asilimia 5 juu ya kodi ya majengo kwa ajili ya maktaba, chini ya sheria yake ya maktaba ya umma ya mwaka 1989. Wenyewe walianza mbali zaidi. Mwaka 1945 mwalimu P. N. Panicker aliziunganisha maktaba ndogo za vijijini chini ya chama kimoja, akazunguka kijiji hadi kijiji akihimiza watu wasome. Hadi leo tarehe 19 Juni, siku aliyofariki mwaka 1995, huadhimishwa kama siku ya kusoma. Mwaka 1991 Kerala ilitangaza kwamba watu wake wote wamejua kusoma na kuandika. Na tarehe 1 Novemba 2025 Waziri Kiongozi wake, Pinarayi Vijayan, alitangaza kwamba jimbo hilo limemaliza ufukara uliokithiri.

Tangazo hilo la mwisho lilipingwa na baadhi ya wachumi wa huko huko, waliotaka kuona takwimu zote. Walikuwa na haki kuuliza. Lakini angalia jinsi kazi ilivyofanywa. Mwaka 2021 walianza kwa kuhesabu, mtaa kwa mtaa, wakapata familia 64,006. Kila familia ikaandikiwa mpango wake: huyu anahitaji nyumba, yule dawa, mwingine cheti cha kumwezesha kupata mgao wa chakula. Serikali iliyotangaza ushindi wake kwa orodha ya namna hiyo imewapa raia kitu cha kukagua. Mpinzani anaweza kuchukua orodha, aende mlango kwa mlango, arudi aseme hapa mmedanganya.

Kaunti yetu nayo ina jambo la kujivunia. Dishi na County, mpango wa chakula cha shule ulioanza 2023 pamoja na shirika la Food4Education, unamlisha mtoto wa shule ya umma kwa shilingi 5. Mtoto anapitisha bangili yake kwenye kifaa, anapewa sahani ya moto, anarudi darasani. Kaunti inasema zaidi ya watoto 300,000 hula kwa mpango huu kila siku ya shule. Tunaupongeza bila kusita. Ni mafanikio yanayohesabika: sahani ipo au haipo, na mzazi wa Makadara anajua jibu ifikapo saa saba mchana.

Sasa mtoto huyo ameshiba. Saa tisa unusu ametoka shule. Aende wapi?

Buruburu ilipojengwa kuanzia mapema miaka ya 1970, kwa awamu tano, kwa fedha za shirika la maendeleo la Uingereza CDC pamoja na Baraza la Jiji, ilikusudiwa familia za walimu, makarani na wauguzi waliokuwa wakinunua nyumba kwa mara ya kwanza maishani. Nyumba zaidi ya 4,000 zilipangwa katika koti, yaani makundi ya nyumba, kila koti na uwanja wake mdogo wa watoto kuchezea katikati. Waliokulia hapo watakusimulia kati, bano na mpira wa makaratasi hadi giza liingie. Kisha zikaja ekstensheni. Mwenye nyumba aliongeza vyumba mbele, jirani naye akaongeza, akafuata mwingine kwa ghorofa na maduka chini. Uwanja wa koti ukawa maegesho ya magari. Hatumlaumu mstaafu aliyejenga vyumba viwili vya kupangisha ili ale. Lakini mtaa uliopangiwa familia moja kwa kila nyumba sasa una tatu au nne, na nafasi ya umma haijaongezeka hata hatua moja. Imepungua.

Maktaba ipo. Shirika la maktaba la taifa, KNLS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, lina tawi Buruburu, na kila anayekaribia mtihani wa KCSE anajua kwamba kiti pale hupatikana kwa kudamka. Ukichelewa utasoma umesimama au urudi nyumbani. Wanaojaza meza si wanafunzi wa sekondari peke yao. Wapo wa vyuo, wapo wanaojiandaa kwa mitihani ya uhasibu, wapo wasio na kazi wanaokuja kutafuta nafasi za kazi magazetini na mtandaoni. Tawi moja haliwezi kubeba Buruburu, Umoja, Donholm, Uhuru na Harambee kwa pamoja. Tena tangu Katiba iseme maktaba ni kazi ya kaunti, matawi ya KNLS nchini yamevutwa huku na huku kwa miaka baina ya serikali mbili, kila moja ikitazama mfuko wa mwenzake. Wakivutana, vitabu vinazeeka rafuni.

Kaunti yenyewe ina maktaba mbili Eastlands, moja Kaloleni na moja Makadara, zote chini ya Maktaba ya McMillan iliyo mjini. McMillan ilifunguliwa 1931 kwa ajili ya Wazungu, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia mpaka 1958. Baraza la Jiji liliichukua mapema miaka ya 1960, likarithi na jukumu la kupeleka vitabu mitaani. Kwa miongo mingi baadaye paa zilivuja na rafu zikaoza. Aliyekuja kuokoa Kaloleni na Makadara hakuwa gavana yeyote. Wanjiru Koinange na Angela Wachuka waliunda Book Bunk mwaka 2017, wakaingia makubaliano na kaunti, wakachangisha fedha, wakakarabati majengo, wakaleta vitabu vya waandishi wa Afrika na vitabu vya watoto. Wamefanya kazi ya kutukuka. Ila mashirika ya hisani huja na mradi wenye mwanzo na mwisho. Karani wa maktaba anahitaji mshahara kila mwezi, mwaka nenda mwaka rudi, na huo ni wajibu wa serikali inayokusanya kodi.

Uwezo upo. Bajeti ya Kaunti ya Nairobi ni zaidi ya Sh40 bilioni kwa mwaka. Katika mwaka wa fedha wa 2024/25 kaunti ilitangaza kwamba imekusanya zaidi ya Sh13 bilioni kutoka vyanzo vyake yenyewe, na ikajisifu kwamba haijawahi kukusanya kiasi hicho. Kodi ya ardhi na ada za leseni ni sehemu ya kapu hilo. Wenye nyumba wa Buruburu huchangia kila mwaka, wenye baa kadhalika. Kerala ilimwongezea mwananchi mzigo kidogo ili ipate maktaba. Sisi hatuombi kodi mpya, maana Mkenya amebanwa vya kutosha. Tunaomba sehemu ndogo ya kile ambacho tayari kimelipwa.

Watakaopinga watasema taka hazijazolewa, barabara za ndani zina mashimo, mabomba ni makavu. Ni kweli yote, na tumeyaandika humu mara nyingi. Lakini taka, barabara na maji vina idara, vina wakurugenzi, vina mafungu yake ya mabilioni, na kinachokosekana huko ni usimamizi. Maktaba haina mtu wa kuipigania mezani bajeti inapogawanywa. Ndiyo sababu tunataka fungu lake lilindwe kisheria, ili asiye na mtetezi asinyang'anywe kila mwezi Juni.

Wengine watasema vijana wana simu, vitabu vya nini. Muulize kijana anayekaa na wadogo zake wawili katika chumba kimoja cha ekstensheni, televisheni ikiwa imewashwa, bando la shilingi 50 likikatika katikati ya somo. Anachohitaji kwanza ni meza, kimya na intaneti isiyokatika. Kitabu kitafuata.

Na maktaba tunayoizungumzia ina ukumbi pembeni. Hapa serikali ya kaunti imefanya kosa la kudhani utamaduni ni tamasha. Desemba 2022 ilianza kuandaa Nairobi Festival, jukwaa kubwa mjini, wasanii na umati. Si vibaya watu wafurahi. Lakini sanaa ya Eastlands haizaliwi Desemba. Dandora ilitupa Kalamashaka, Umoja ikatupa Ethic, na mtaa huu ukatupa Buruklyn Boyz, waliolibeba jina la Buruburu hadi kwenye albamu yao ya 2022, East Mpaka London. Buruburu Institute of Fine Arts, BIFA, imefunza wachoraji ambao kazi zao zimetundikwa kwenye kuta ndani na nje ya nchi. Matatu za Eastlands zilipakwa rangi na vijana waliojifunzia gereji, wakafutiwa michoro yao na kanuni za Waziri John Michuki mwaka 2004, wakasubiri miaka, wakarudi na rangi kali zaidi. Haya yote yalitokea bila ukumbi wa umma wa mazoezi, bila chumba cha kurekodi ambacho kijana angekikodi kwa bei anayoimudu. Wametoboa kwa jasho lao. Wangapi walikuwa na kipaji hicho hicho na hawakutoboa?

Kwa hiyo tunataka mambo machache, na tunayataka kwa maandishi. Bunge la Kaunti lirekebishe sheria yake ya vileo ya mwaka 2014 ili asilimia 5 ya ada za leseni iingie katika hazina ya maktaba, na sheria ya fedha ya kaunti ifanye hivyo kwa kodi ya ardhi. Kaunti na KNLS wakae chini, wakubaliane nani analipa nini Buruburu, na makubaliano hayo yabandikwe ukutani mtu yeyote ayasome. Maktaba za Buruburu, Makadara na Kaloleni zifunguliwe hadi saa tatu usiku siku za wiki, na mlinzi awepo langoni hadi msomaji wa mwisho aondoke, hasa kwa usalama wa wasichana. Ukumbi wa sanaa utafutiwe kiwanja cha umma Makadara, na kabla ya kutafuta kipya, kaunti itaje hadharani viwanja vya umma ilivyo navyo katika eneo hili na nani anavitumia kwa sasa.

Kalenda inajulikana. Waraka wa sera za fedha wa kaunti unatakiwa kufika bungeni ifikapo 28 Februari, makadirio ya bajeti ifikapo 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai. Katikati yake sheria inaitaka kaunti iwasikilize wananchi. Mikutano hiyo mara nyingi huhudhuriwa na watu wachache waliopigiwa simu na wanasiasa, wakanywa soda, wakatia sahihi. Wakazi wa Phase I hadi Phase V, wazazi wa shule za msingi, walimu, wanafunzi waliokosa kiti maktabani, wachoraji, wanamuziki, na wenye baa pia, kwa kuwa ni pesa zao, wafike mwaka huu. Wamkabidhi mwakilishi wao wa wadi (MCA) ombi hili mkononi, wamuulize mbele ya watu wote kama ataliwasilisha bungeni, na karani wa kikao aliandike jibu lake.