Bastola: Jina la kampuni pekee halitoshi

WAKENYA wanaopewa leseni ya bastola kwa mara ya kwanza aghalabu huulizia jina la kampuni na bei. Masaibu ya SIG Sauer P320 yaonyesha udhaifu wa vigezo hivyo. Januari 2017, jeshi la Marekani liliichagua bastola hiyo. Agosti mwaka uo huo, baada ya kubainika kwamba yaweza kufyatuka ikianguka, kampuni ilijitolea kurekebisha zilizokuwa mikononi mwa raia.

Uthabiti wa silaha hujulikana katika uwanja wa shabaha: mamia ya risasi za aina itakayobebwa, kila magazini ikijaribiwa, kila kukwama kukiandikwa. Ni gharama, naam. Lakini bastola fupi hukwama upesi mkono ukilegea, nayo ifyatukayo kiunoni humjeruhi kwanza mwenyewe.